Lango la Chini

12 Februari

Bibi shamba ametugawia madaftari leo, kila kaya moja, tuandike siku mvua inaponyesha na siku inapokosa. Anasema makadirio ya zamani ya ofisini kwao hayafai tena. Ni msichana mdogo, buti zake bado zinang'aa, lakini hajifanyi kujua kila kitu, na hilo nimelipenda. Nilimuuliza, "Sasa mvua itaanza lini?" Akanijibu, "Mama, ningejua ningekuwa nimeshakwambia."

Naona nikiandika mvua peke yake daftari litabaki jeupe, kwa hiyo nitaandika na mengine. Mume wangu ameniona nimeinama na kalamu, akauliza ninamshitaki kwa nani.

Leo: hakuna mvua. Kitalu cha kwanza kimekufa. Miche ilikuwa imefika urefu wa kidole, ikageuka rangi ya kamba kuukuu. Nilipoivuta ilitoka bila kushika udongo, kama nywele za mgonjwa.

15 Februari

Hakuna. Upepo na vumbi tu.

16 Februari

Hakuna.

20 Februari

Tumegombana juu ya mbegu. Mume wangu anataka ile yetu ya siku zote, ndefu, inayonukia mpaka nyumba ya tatu ikipikwa. Mimi nataka ile fupi aliyoleta bibi shamba, inayoiva mapema kabla maji hayajakatika.

"Mpunga usionukia utamuuzia nani?" aliniuliza. "Kuku?"

"Na usioiva utamuuzia nani?"

Alitaka kukasirika, akacheka. Tukakubaliana kugawa shamba katikati: nusu yake, nusu yangu. Shamba lenyewe liko bondeni, mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Wakulima wa juu hunywesha kwanza; sisi hupata masalio. Upande mmoja tumepakana na kinamasi, upande wa pili kuna tuta la mto, na ng'ambo ya tuta ziko nyumba zetu.

Mbegu hii ndiyo ya mwisho. Kitalu hiki kikifa, hatuna kingine.

24 Februari

Tumemwaga mbegu, zake na zangu. Tunateka maji kisimani kwa ndoo, mimi na binti yangu, asubuhi kabla hajaenda shule na jioni akirudi. Tumefunika kitalu kwa nyasi. Kila nikipita nainua nyasi nichungulie, kama mama mwenye mtoto mwenye homa.

3 Machi

Mvua! Haikulowesha hata kamba ya nguo, ila imenyesha, na naiandika.

19 Machi

Mvua mbili nzuri, na mfereji umepata maji. Tumechabanga tope kwa miguu mpaka likalainika, tukapandikiza. Upande wangu nimepanda kwa kamba, mche mmoja mmoja, kwa nafasi, kama tulivyofundishwa. Jirani yangu wa shamba, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alisimama kwenye tuta la jaruba lake akiwa ameshika kiuno.

"Mwenzangu, unapanda mpunga au unachora ramani?"

"Nachora njia ya wewe kupita ukija kuomba mbegu."

Tulicheka wote. Nimeandika hili kwa sababu ni siku nyingi sijacheka.

30 Machi

Hakuna mvua. Shemeji, mgawa maji, amefunga lango la mfereji unaokuja kwetu.

2 Aprili

Hakuna. Lango bado limefungwa.

9 Aprili

Udongo umeanza kupasuka kati ya mistari ya mpunga. Bibi shamba alisema mpunga wangu unaweza kukaa bila maji siku kadhaa bila kudhurika, hata unashika mizizi vizuri zaidi. Lakini hizi si siku kadhaa tena. Ncha za majani zimeanza kujikunja.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, na ndiye mgawa maji wa skimu nzima. Funguo za malango hukaa kiunoni mwake, na watu wamempa jina la Kufuli. Mwaka jana tulilitaja jina hilo kwa mzaha. Siku hizi wanalitema.

Wanasema amewauzia maji watu wa juu. Wanasema wamemuona akitoka kwa tajiri mwenye mashamba makubwa kule juu na mfuko mkononi. Mimi nilikuwa nikimtetea. Jana nilishindwa. Nilimkuta njiani, mbele ya watu, nikamwambia, "Shemeji, mdogo wako ana watoto wa kulisha. Au damu yako nayo umeifungia kufuli?"

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo refu, halafu akapita.

Leo wanaume wameondoka kwenda langoni, na fimbo. Mume wangu kaenda nao. Nimemuuliza anakwenda kumfanya nini kaka yake. Amesema, "Nakwenda ili wasimfanye kitu." Lakini na yeye kachukua mpini wa jembe.

10 Aprili

Wamempiga. Si mume wangu, ila alikuwepo, na hakuwa wa kwanza kuzuia. Shemeji amepasuka juu ya jicho. Nimepeleka maji ya moto na kitambaa safi kwake, maana anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Nilidhani atanifukuza. Alikaa kwenye kigoda akaniacha nimuoshe.

"Shemeji," akasema, "njoo nikuonyeshe kitu. Nimechoka kukiona peke yangu."

Tulitembea mpaka juu ya tuta, karibu na mahali mfereji unapochepuka kuja bondeni kwetu. Akapiga magoti, akaondoa majani makavu. Chini yake kulikuwa na ufa. Jua la miezi yote hii limeukausha udongo wa tuta mpaka umeachana wenyewe kwa wenyewe. Nilitia mkono. Uliingia mpaka kiwiko, na vidole vyangu havikugusa kitu.

"Nikijaza mfereji, maji yatapita humu," akasema. "Yatakula tuta kwa ndani. Siku mto ukipanda, hakuna tuta tena."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niliwaambia wale wa ofisi ya umwagiliaji. Wakasema watakuja. Watu ningewaambia, nusu wangesema natunga, nusu wangehama."

"Na ule mfuko uliotoka nao kwa tajiri?"

"Saruji, iliyobaki alipojenga ghala. Nilimuomba."

Nimerudi nyumbani nikatazama nyumba yetu, jiko, kitanda cha watoto, ukuta. Kwa mara ya kwanza nimeona jinsi vilivyo chini. Ukisimama mlangoni kwangu unatazama juu kuliona tuta. Miaka yote nimelitazama na sikuwahi kuliona.

13 Aprili

Hakuna mvua. Mume wangu kaenda kutia mkono kwenye ufa. Karudi hana rangi usoni. Kamuomba kaka yake radhi. Sijui walisemezana nini, ila wamerudi pamoja.

17 Aprili

Tumejaza magunia ya udongo na kushindilia, sisi na familia chache. Wengine wanasema ni ujanja wa Kufuli wa kujiosha. Mama Redio amekuja na wanawe wote na mdomo wake wote, na kwa kweli kabeba magunia kuliko wanaume. Shemeji amefungua maji kidogo, kwa zamu, membamba kama uzi. Mpunga umeinua vichwa.

Miezi miwili nimeomba mvua. Leo nimejikuta naomba isinyeshe.

2 Mei

Mvua.

3 Mei

Mvua.

5 Mei

Mvua, na ngurumo. Upande wangu umetoa masuke. Mume wangu kapita kuyatazama, kayashika kwa vidole viwili. Wake bado ni majani matupu, marefu, ya kijani kibichi.

11 Mei

Mvua kubwa. Mto umebadilika rangi, na sauti pia. Zamani ulisikika kama watu wanaongea chumba cha pili. Sasa unasikika kama kitu kinachoburutwa.

Nimemwambia mume wangu tupeleke watoto shuleni kule mlimani, wakalale kwa mwalimu mkuu. Kasema nawatia watoto hofu bure. Nikamwambia sina haja ya kuwatia, wanayo tayari. Mdogo anauliza kila saa kama maji yana miguu.

16 Mei

Siku kavu. Jua zuri kabisa. Watu wanacheka barabarani. Mimi siliamini hili jua.

18 Mei

Mvua, bila kupumzika. Nimepeleka watoto kwa mwalimu mkuu bila kumuuliza mtu.

22 Mei

Naandika ya jana. Niko darasani mlimani, dawati linatikisika.

Asubuhi mto ulikuwa umefika kwenye mdomo wa tuta. Wanaume wote walikuwa juu, wanapanga magunia, mume wangu akiwa mbele. Wanawake tulikuwa tunahamisha wazee na vyakula. Nilipopita karibu na ule ufa wetu niliona maji yakitoka upande wa nyumba, chini ya magunia. Si mengi, unene wa mkono tu. Lakini yalikuwa na rangi ya udongo, na shemeji aliniambia zamani: maji meupe ni jasho la tuta, maji ya udongo ni nyama yake.

Nikakimbia kumtafuta. Nilimkuta kwenye lango la chini.

Lango hilo sikuwahi kuliona likifunguliwa. Ni chuma kikubwa chenye usukani wa kuzungusha, lipo mwisho wa tuta, linatazama bondeni. Likifunguliwa mto unamwagika kwenye mashamba yote ya bondeni na kutokea kinamasini. Mto unashuka, tuta linapumua. Ila mashamba yanakwenda na maji.

Shemeji alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye chuma, funguo mkononi. Mvua inampiga na hajifuniki. Analia au ni mvua, sikujua.

"Limeanza kutoka udongo," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

"Walinipasua kichwa kwa kukosa maji," akasema. "Watanifanya nini kwa kuyaleta?"

Niliangalia bondeni. Niliona nusu yangu, imeanza kupiga manjano, masuke yameinama kwa uzito. Siku chache tu zilikuwa zimebaki. Niliona ya mume wangu, kijani. Niliona shamba la Mama Redio, na la mjane mmoja jirani yake, na ya wengine ambao sina nguvu ya kuwaandika. Halafu nikageuka nikaona mabati ya nyumba zetu, na watu wanapita kati yake na magodoro vichwani. Wengine bado walikuwa ndani.

Nataka niandike kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa. Niliogopa maji, niliogopa watu, na niliogopa sana uso wa mume wangu.

"Fungua," nikasema.

"La kwanza kwenda na maji ni shamba lenu."

"Shemeji, nimekwambia fungua kabla sijabadili mawazo."

Alitia ufunguo. Usukani ulikuwa umeshika kutu, haukusogea. Tulining'inia wote wawili, mimi nikasukuma kwa bega, nikasikia kitu kinaachia, sikujua ni chuma au ni mfupa wangu. Ukazunguka kidogo. Ukazunguka tena. Halafu chini ya miguu yetu kukatoka mngurumo, na maji yakatoka yakiwa yamesimama wima kama ukuta.

Sikutazama yalipofika kwetu. Nilitazama juu ya tuta. Mume wangu alikuwa amesimama na gunia mikononi. Alituona. Akaliweka gunia mahali pake, taratibu, akaenda kuchukua jingine.

Tuta limesimama. Hakuna nyumba iliyokwenda, hakuna mtu aliyekufa. Naandika hilo kwa sababu tangu jana hakuna aliyelisema.

24 Mei

Mvua ndogo. Bado tuko shuleni. Mume wangu analala upande wa pili wa darasa, na wanaume. Hajasema neno na mimi. Si la ubaya wala la wema.

26 Mei

Maji yametoka bondeni. Nimeshuka kuangalia. Mpunga wangu wote umelala kwenye tope, masuke chini. Nimeinua moja nikalimenya: punje zimeanza kuchipua zikiwa bado kwenye suke. Zinanuka. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

2 Juni

Mkutano uwanjani. Mwenyekiti aliuliza nani alifungua lango la chini bila idhini ya kamati. Shemeji akasimama, mkono umefika kwenye kovu lake bila yeye kujua.

"Mimi ndiye mwenye funguo."

Kukawa na kelele. Nikamuona mtu wa nyuma akiinama kuokota kitu. Nikasimama.

"Aliyesema fungua ni mimi," nikasema. "Na usukani nilizungusha mimi. Shamba la kwanza kwenda lilikuwa langu. Anayetaka kurusha, arushe huku."

Hakuna aliyerusha. Ila hakuna aliyeniunga mkono pia, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko jiwe. Halafu Mama Redio akainuka. Shamba lake lote limekwenda, hakubakiwa na suke.

"Nimelia siku tatu," akasema. "Leo nimeamka kitandani kwangu, wanangu wote wako ndani, nimewahesabu kama kuku. Sijui nikuchukie au nikushukuru. Kwa hiyo nitanyamaza."

Watu walimtazama, kisha mmoja akacheka, kisha wengi, maana neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Kicheko kilikuwa kibaya, cha watu waliochoka, lakini baada yake watu waliweza kukaa.

Tajiri wa juu amekubali watu wa bondeni walime kipande chake msimu wa kiangazi. Wengine wa juu wamesema watafikiria, maana yake hapana. Bibi shamba aliyekuja na barua ya ofisi yake aliulizwa kama mafuriko haya yatarudi. Akasema, "Yatarudi, ila lini sijui." Nilimuonea huruma. Buti zake hazing'ai tena.

Wameamua lango lisiwe la mtu mmoja. Waliuliza nani atasaidiana na Kufuli. Nikanyoosha mkono. Mume wangu alikuwa anatazama ardhi.

15 Juni

Hakuna mvua. Tumerudi nyumbani siku nyingi, kila mtu na ukuta wake.

Leo asubuhi alisema, "Njoo." Neno la kwanza. Nikamfuata mpaka shambani. Nusu yangu ni tope lililooza. Nusu yake imesimama. Majani yamepauka, yana matope mpaka shingoni, lakini katikati yanachomoza mapya. Ulikuwa bado mchanga maji yalipokuja, ukavumilia. Wangu ulikuwa umekaribia kuiva, ndio uliokufa.

Niliona atanisuta. Ningekuwa mimi ningesuta, angalau kidogo.

"Mto ungekuja wiki mbili baadaye, mpunga wako ungekuwa ghalani na wangu ndio ungeoza," akasema. "Mvua zingekatika, wako ungepona na wangu ungekauka." Akainua uso kutazama milimani. "Baba alikuwa anatazama ile milima anasema kesho itanyesha, na inanyesha. Mimi naitazama kila siku. Hainiambii kitu. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Miaka yote tangu tuoane, sijawahi kumsikia akisema anaogopa. Nilidhani hofu ya nyumba hii naibeba peke yangu. Tuliingia kwenye tope, tukaanza kupalilia wake. Wetu.

3 Julai

Hakuna. Masuke yametoka. Mengine mapepe, hayana punje ndani, mengine yamejaa.

19 Julai

Tumevuna. Hata nusu ya mwaka jana haifiki. Umenukia ulivyonukia siku zote, na hilo lilimliza Mama Redio alipopita, nikampa wa kupika.

27 Julai

Mpunga ulikuwa umeanikwa uani kwenye turubai, wote tulionao. Mchana likatokea wingu upande wa milima. Mwezi huu halijawahi kutokea, si kwa kumbukumbu yangu wala ya mtu yeyote niliyemuuliza. Lilikuwa jeusi na halikuwa na haraka.

Binti yangu alipiga kelele, tukakimbilia turubai wote, kila mtu na pembe yake. Ndipo nikasikia mluzi wa kuniita langoni, kutoka kwenye tuta. Shemeji.

Niliacha pembe yangu. Nilimtazama mume wangu na mpunga wake miguuni, nikajua atabaki, na sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningebaki na mimi.

Mume wangu akamwita Mama Redio ashike upande wake. Mama Redio akaja mbio, anaongea tangu kwake. Mume wangu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Usukani ule ni mzito," akasema. "Twende."

Tulipanda tuta tukamkuta shemeji ameshatia ufunguo. Mume wangu aliweka mikono kwenye chuma, kaka yake upande wa pili, mimi katikati. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Chini yetu mto ulikuwa mwembamba, wa kiangazi, na sisi tunautazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemfahamu.

Ilinyesha kidogo tu, ikaacha. Mto haukupanda. Tulibaki pale hata hivyo mpaka wingu likapita lote, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoa mkono kwenye usukani.